Nchi Ndogo Isiyo na Bahari: Liechtenstein, Milansi na Sisi wa Ufipa

 

Leo nataka tuzungumze juu ya udogo wa nchi. Sisi watu wa Rukwa tumezoea kuambiwa kwamba tuko pembezoni. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Bahari iko mbali, reli haifiki kwetu, na mtu akipangiwa kazi huku ndugu zake humwonea huruma. Maneno hayo yakirudiwa miaka nenda miaka rudi, mwenyewe unaanza kuyaamini. Unasema: sisi tuko mbali, basi tutafanya nini? Mimi sikubaliani na mawazo hayo, na leo nitaeleza sababu zangu kwa kuwachukua hadi Ulaya, kisha kuwarudisha hapa hapa Ufipa.

Ulaya iko nchi inayoitwa Liechtenstein. Imebanwa kati ya Uswisi na Austria, kwenye milima ya Alps. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 160 tu. Mtu mwenye miguu mizuri akidamka alfajiri anaweza kuipita yote kwa urefu kabla jua halijazama. Watu wake ni kama 40,000. Haina bahari, na majirani zake wote wawili nao hawana bahari, kwa hiyo mwenye mzigo wa kupeleka pwani lazima avuke nchi mbili au zaidi. Duniani kote ni nchi mbili tu zilizo katika hali hiyo, Liechtenstein na Uzbekistan. Uwanja wa ndege haina. Upande wa magharibi unapita mto Rhine, na kando yake ndipo penye ardhi tambarare ya kulima. Upande wa mashariki ni milima mitupu, inayopanda hadi kilele cha Grauspitz chenye mita 2,599.

Sasa tazameni kwetu. Uwanda wa Ufipa nao umebanwa. Magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye mita kama 770 juu ya bahari. Mashariki inakatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake ni bonde la Ziwa Rukwa. Katikati, juu ya mabonde hayo mawili ya ufa, ndipo tulipo sisi, na hapa Sumbawanga tuko kwenye mita kama 1,800. Milima ya Mbizi inapanda kupita mita 2,400. Kusini, mto Kalambo unaangukia kwenye maporomoko ya zaidi ya mita 200, mpakani na Zambia. Hii ni nchi ya baridi, ya upepo na nyasi, yenye milango michache ya kuingilia. Aliyetaka kuja Ufipa zamani alilazimika kupanda.

Na juu ya uwanda huu ilikuwapo nchi ndogo kweli kweli, iliyoitwa Milansi.

Wazee wa Kifipa wanasimulia kwamba mtawala wa kwanza aliitwa Ntatakwa, na kwamba alishuka kutoka mbinguni. Makao yake yalikuwa Milansi, karibu na mlima Itwelele. Baadaye, yanasema masimulizi, walikuja wanawake wageni kutoka kaskazini. Walifika mtawala wa Milansi akiwa mawindoni, nao wakashika nafasi yake. Aliporudi akakuta mambo yamebadilika. Tungetegemea kwamba hapo damu itamwagika, lakini masimulizi yanasema walipatana. Wageni wakapewa utawala wa nchi pana, na mtawala wa Milansi akabaki na kijiji chake na viunga vyake, pamoja na heshima ya ukubwa na kazi za tambiko. Ukoo wa wageni hao uliitwa Watwa, na tusiwachanganye na Watwa wa misituni, maana hawa walikuwa ukoo wa watawala.

Watwa nao baadaye waligawanyika, zikatokea himaya mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la Nkansi tunalo hadi leo katika wilaya ya Nkasi, na jina la Milansi limebaki katika kata ya Milanzi, ndani ya Manispaa ya Sumbawanga. Lakini zingatieni jambo hili: himaya mbili kubwa zilizogombana kwa muda mrefu ziliacha Milansi isimame katikati yao. Haikuwa na jeshi la kuzitisha. Kilichoilinda ni kwamba pande zote mbili ziliihitaji. Ilikuwa na kitu ambacho mkuki haukuweza kukiteka, yaani uhalali. Anayetaka kutawala watu kwa amani anahitaji kukubaliwa na wale waliokuwapo kabla yake.

Liechtenstein nayo ilisalimika kwa namna inayofanana na hiyo. Mwaka 1719 nchi hiyo ilipata hadhi ya kuwa milki ya mwanamfalme baada ya ukoo wa Liechtenstein kununua ardhi mbili ndogo, Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712. Walizinunua ili wapate kiti katika baraza la dola kubwa ya wakati ule, na kwa miaka mingi watawala wenyewe hata hawakuishi huko. Mwaka 1868 nchi hiyo ilivunja jeshi lake, kwa kuwa lilikuwa gharama isiyo na faida. Vita vikuu viwili vya dunia vikapita mlangoni pake bila kuimeza. Mwaka 1923 ikatia saini mkataba wa forodha na Uswisi, na hadi leo fedha yake ni faranga ya Uswisi. Forodha na sarafu ikamwachia jirani, ila sheria zake, kodi zake na bunge lake ikavishika mkononi.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Nchi ndogo huishi kwa kujua lipi la kumwachia jirani na lipi la kutoliachia kamwe. Milansi iliacha ukubwa wa eneo, ikashika uhalali. Liechtenstein iliacha sarafu, ikashika sheria. Anayetaka kushika vyote hupoteza vyote, na anayeachia vyote hubaki jina.

Tuje kwenye utawala wa watu wa kawaida. Mtafiti Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya 1960 na kuandika vitabu kadhaa juu ya historia yetu, kikiwamo kile cha mwaka 1981 juu ya kujengeka kwa dola hapa Ufipa, alieleza kwamba mkuu wa kijiji cha Kifipa alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, na akiharibu waliweza kumwondoa. Juu alikuwapo Mwene, yaani mtawala wa himaya, na maofisa wake, lakini chini kijiji kilijichagulia. Na Willis alishangazwa na jambo jingine, nalo ni amani. Karne ya kumi na tisa ilianza vibaya huku. Wangoni walioongozwa na Zwangendaba walifika Ufipa, na Zwangendaba mwenyewe alifia hapa, mahali panapoitwa Mapupo, katika miaka ya 1840. Kutoka hapo watu wake waligawanyika, wengine wakaenda hadi Songea, wengine Malawi, wengine Zambia, wengine wakapanda kaskazini. Kisha Nkansi na Lyangalile zikapigana zenyewe kwa zenyewe. Lakini ilipofika mwaka 1880, msafiri Joseph Thomson alipopita hapa, alikuta Wafipa ni wakulima watulivu, wanaojishughulisha na mashamba yao na wasiopenda ugomvi. Jamii iliyokuwa vitani ilikuwa imejigeuza kuwa jamii ya kazi na mazungumzo. Huo si uzembe wala woga. Watu walikaa wakaona kwamba jembe linalipa kuliko mkuki, wakaamua.

Na waliokuwa wakitengeneza jembe hilo ni wao wenyewe. Wasikilizaji, naomba vijana wasogee karibu na redio hapa. Ufipa ilikuwa nchi ya viwanda. Mkitembea maeneo mengi ya uwanda huu mtakuta masalia ya matanuru marefu ya udongo, yaliyoitwa malungu. Mengine yalikuwa na urefu wa mita tatu, yaani karibu sawa na mtu aliyesimama juu ya bega la mwenzake. Tanuru hilo halikuhitaji mtu wa kuvuta mivuo. Lilijengwa na matundu kuzunguka chini, yakatiwa mirija ya udongo, na kwa sababu ya urefu wake moto wenyewe ulivuta hewa, ukawaka mfululizo kwa siku kadhaa hadi mawe yenye madini yakageuka chuma ghafi. Chuma hicho kikasafishwa tena kwenye tanuru dogo, safari hii kwa mivuo, kisha mhunzi akakifua kuwa majembe, mashoka na mikuki. Profesa Bertram Mapunda, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametumia miaka mingi kuchunguza masalia haya, hasa upande wa Nkasi. Marundo ya mavi ya chuma aliyoyachunguza ni ushahidi kwamba kazi haikuwa ya mchezo. Jembe la Ufipa lilikuwa bidhaa ya biashara na lilitolewa kuwa mahari.

Chini bondeni, Rukwa, pamba ililimwa, ikasokotwa na kufumwa nguo nzito zilizojulikana mbali. Na juu uwandani, ambako miti ni michache na udongo hauna rutuba nyingi, Wafipa walibuni kilimo cha matuta ya mviringo, intumba. Nyasi zinakatwa zikiwa mbichi, zinafukiwa ndani ya tuta, zinaoza, na msimu unaofuata tuta linatawanywa na kupandwa ulezi. Hiyo ni mboji iliyotengenezwa shambani pale pale, bila kukata msitu na bila kununua mfuko wa mbolea. Mabwana shamba wa kikoloni walipokuja walikuta jambo ambalo hawakulileta wao.

Chuma, nguo na chakula, vyote vilitengenezwa hapa. Watu wa nchi isiyo na bahari hawakuisubiri bahari.

Nini kilitokea? Wakati wa ukoloni yaliletwa majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, ya bei nafuu, na nguo za kiwandani zikashuka bandarini. Vijana walitakiwa kulipa kodi kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana mbali, kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo mikono ya kujenga tanuru ikaondoka. Kufikia miaka ya 1930 wataalamu waliokuja kuandika juu ya ufuaji chuma wa Kifipa walikuwa wanaandika habari za kazi iliyokuwa inakwisha. Baada ya uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ulifutwa kisheria nchi nzima. Mwaka 1974 ukaundwa Mkoa wa Rukwa, na mwaka 2012 ukamegwa Katavi. Leo sisi ni mkoa wa watu zaidi ya milioni moja na nusu kwa sensa ya mwaka 2022, na tunajulikana kwa jambo moja: mahindi. Tangu miaka ya 1980 Rukwa imekuwa miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi.

Kulisha nchi ni heshima, na ninajivunia. Lakini angalieni tunavyoilisha. Mahindi yanaondoka Rukwa yakiwa mahindi. Msimu wa mavuno dalali anakuja na lori, anapanga bei, anajaza lumbesa, anaondoka. Miezi kadhaa baadaye dukani tunakuta unga wa paketi uliosagwa mji mwingine, mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa mkoa mwingine, na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaofungashwa mbali na Kirando wanakovuliwa. Faida ya kusaga, kukamua na kufungasha inaishia huko.

Na Liechtenstein, je? Msifikiri ilizaliwa tajiri. Ilikuwa nchi ya wakulima maskini, na vijana wake walihama kwenda kutafuta maisha Marekani na kwingineko. Mwaka 1927 mto Rhine ulivunja kingo zake karibu na Schaan ukafunika mashamba na vijiji. Badiliko lilikuja kwa kutengeneza vitu. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto pande zote, ndugu wawili, Martin na Eugen Hilti, walifungua karakana ndogo huko Schaan. Leo kampuni ya Hilti inauza mashine za kutobolea zege dunia nzima. Katika mji huo huo kuna kiwanda cha meno ya bandia, ambacho nacho kinauza kila bara. Ni bidhaa ndogo, nyepesi kusafirisha, zenye thamani kubwa kwa kila kilo. Mtu aliye mbali na bandari hana budi kufikiri hivyo, kwa sababu nauli inahesabu uzito, haihesabu akili iliyomo ndani ya bidhaa. Kazi zimekuwa nyingi kiasi kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanatoka nchi jirani, wanaingia asubuhi na kurudi kwao jioni.

Nitasema pia upande wake mbaya, maana msikilizaji anastahili ukweli wote. Sehemu ya utajiri ule ilitokana na kodi ndogo na siri za benki. Matajiri wa nchi nyingine walificha fedha huko ili wasilipe kodi kwao, hadi mwaka 2008 Ujerumani ilipofichua habari hizo na dunia ikakasirika. Baada ya hapo Liechtenstein ililazimika kuingia mikataba ya kubadilishana taarifa za kodi. Hilo hatuna haja ya kuliiga. Na wanawake wake walipata haki ya kupiga kura ya taifa mwaka 1984 tu. Mama zetu wa Rukwa walipiga kura za nchi hii miaka mingi kabla yao. Mtu asitufundishe kila kitu kwa kuwa tu anatoka Ulaya.

Lakini liko jambo la utawala la kujifunza. Bunge lao lina watu 25. Wananchi 1,000 wakitia saini wanaweza kuilazimisha sheria ya bunge ipelekwe kwenye kura ya wananchi. Nchi nzima imegawanywa katika vijiji na miji 11, na katiba yao, kwa marekebisho ya mwaka 2003, inaipa kila moja ya jamii hizo haki hata ya kujitenga. Haijatumika, na sisi hatuizungumzii hiyo, kwa kuwa Ufipa ni sehemu ya Tanzania na umoja wetu ni mali. Ninachokitazama ni jinsi wanavyokihesabu kijiji kuwa mamlaka ya kweli.

Sasa tazameni sheria yetu wenyewe. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kila kijiji kina mkutano mkuu, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji yenye watu kati ya 15 na 25, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haigawiwi bila mkutano huo kuridhia. Haya ni madaraka makubwa. Mababu zetu walimchagua mkuu wa kijiji na kumwondoa, na sisi tumepewa haki hiyo kwa maandishi. Shida ni kwamba mkutano ukiitishwa wanafika wachache, wengine wako shambani, wengine wanasema hao watajuana wenyewe. Kisha ardhi ikiuzwa tunalalamika vijiweni.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuwaachia, nayo ni ya kufanya.

La kwanza, tujitambue tulipo. Ramani ikitazamwa kutoka Dar es Salaam, sisi tuko mwisho. Ikitazamwa kutoka Ziwa Tanganyika, tuko katikati. Bandari yetu ya Kasanga iko jirani na Mpulungu ya Zambia, na ng'ambo ya ziwa kuna Moba na Kalemie za Kongo, miji inayohitaji unga, maharage na mafuta ya kula. Barabara ya lami kutoka Tunduma imefika Sumbawanga, na Tunduma kuna reli ya TAZARA. Wafanyabiashara wa Matai na Kasanga wanaujua ukweli huu siku nyingi. Wapangaji wa mipango nao waujue.

La pili, tusiuze kitu ambacho hatujakigusa kwa mikono yetu. Vyama vyetu vya ushirika vianze na mashine moja ya kusaga na kufungasha, kwa mzani halali na jina la kijiji kwenye mfuko. Mfuko wa unga wenye jina la Msanzi ukifika Mpulungu unamtangaza mkulima wa Msanzi. Vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kutengeneza na kukarabati mashine hizo hapa hapa. Wajukuu wa waliojenga tanuru linalojivutia hewa lenyewe hawawezi kushindwa kuchomelea kinu cha alizeti.

La tatu, mkutano mkuu wa kijiji ujao, nenda. Nenda na mkeo, nenda na mumeo, nenda na kijana wako aliyetimiza miaka 18. Uliza maswali mawili tu. Uliza ardhi ya kijiji iliyobaki ni kiasi gani na nani ameomba kipande. Uliza mapato na matumizi ya robo mwaka iliyopita, na udai yabandikwe ubaoni. Mwenyekiti mwema atafurahi kuulizwa. Asiyefurahi, mnajua sheria inawaruhusu kufanya nini.

 Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumzia bei ya mbolea na intumba ya mababu.